Kuchagua kipima umbali cha kuwindia kwa upinde: mwongozo wa anayeanza

Maswali ya wanaoanza ni yale yale. Nichukue cha mita 1,000 au cha mita 2,000? Cha gofu si kinafanya kazi hiyo hiyo? Mnyama hataiona leza? Kile cha kufunga juu ya upinde je? Majibu nimeyapanga hapa kwa hatua, ili ufike dukani ukijua unachokitaka na muuzaji asikuyumbishe.

Swali la kwanza nalijibu hapa hapa: namba zote mbili hazikuhusu. Mwindaji wa upinde hufanya kazi yake ndani ya mita 60, na wengi wetu hatuvuki 35. Mtihani wa kifaa chako ni kumsoma mnyama aliyesimama karibu, nyuma ya majani, jua likiwa limeshazama, huku mkono wako mmoja umeshika upinde. Kuna vifaa vinavyosoma mlima ulio kilomita moja na nusu lakini vinashindwa hapo.

Kwa nini mita tano ni nyingi

Chukua upinde wa kompaundi, ule wenye kapi, unaorusha mshale kwa mwendo wa mita 80 kwa sekunde. Ukitumia pini (alama ya kulengea iliyo kwenye upinde) ya mita 30 kwa mnyama ambaye kumbe yuko mita 35, mshale utagonga kama sentimita 13 chini ya ulipolenga. Kwa upinde wa jadi unaorusha mita 55 kwa sekunde, kosa hilo hilo linazaa karibu sentimita 28. Sasa, eneo la moyo na mapafu la mnyama wa ukubwa wa kulungu lina upana wa sentimita 20 hadi 25 hivi. Ukilenga katikati kabisa, una kama sentimita kumi za kukosea kila upande, na hapo mkono wako haujatetemeka. Mita tano zinatosha kukupa mnyama aliyejeruhiwa badala ya mnyama aliyeanguka.

Karibu zaidi mambo ni mepesi. Ukidhani mita 20 kumbe ni 23, mshale wa upinde ule wa kompaundi unashuka sentimita tano tu. Ndiyo maana mtu anayewinda kutoka kibandani, mnyama akimjia mita 15, anaweza kuishi bila kifaa hiki. Faida yake huanza kuonekana ukivuka mita 25.

Kinavyofanya kazi ni hivi: kinatuma mapigo mafupi ya mwanga wa infraredi, kinahesabu muda wa mwanga kwenda na kurudi, kisha kinakupa umbali. Mwanga huo kwa kawaida una urefu wa wimbi wa nanomita 905 hivi, nje ya kile ambacho jicho la mtu au la paa linaweza kuona. Kwa hiyo mnyama haoni leza. Anachokiona ni mkono wako ukinyanyuka, na hilo tutalirudia.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Upinde uliokwisha kurekebishwa, na pini zake zimewekwa kwa umbali uliopimwa kwa futi kamba, si kwa hatua za miguu.
- Jibu la swali hili: pini zako ni za mita au za yadi?
- Mwendo wa mshale wako, hata kwa makadirio. Namba iliyoandikwa kwenye boksi la upinde hupatikana kwa mshale mwepesi na mvuto mkubwa wa uzi. Wako karibu hakika ni wa chini ya hapo.
- Futi kamba ya mita 50 ya kukijaribia kifaa.
- Picha ya mahali utakapowindia: juu ya mti kwenye ulingo, ndani ya kibanda cha kuvizia, au kwa miguu ukinyatia kwenye mabonde na miteremko.
- Kanuni za uwindaji za eneo lako. Kama uwindaji wa upinde wenyewe hauruhusiwi, au una masharti ya kibali na msimu, anzia huko.

Hatua ya 1: Andika umbali wako wa mwisho

Nenda kwenye shabaha ukiwa umevaa nguo za kuwindia. Rusha mshale mmoja, pumzika, rusha mwingine, kwa sababu porini hupewi mishale ya kupashia moto mwili. Umbali wa mbali zaidi ambao mshale wa kwanza unaingia kwenye duara la sentimita 20 kila mara ndio mwisho wako. Uandike.

Kifaa chochote kinachosoma vizuri mara mbili ya umbali huo kinakutosha. Mwisho wako ukiwa mita 35, unahitaji kifaa kinachomsoma mnyama bila kusita hadi mita 70. Zinazobaki ni za kujua mnyama yuko wapi kabla hajasogea. Kipima umbali hakirefushi uwezo wako. Mtu ambaye jana hakuwa wa mita 50 haendi kuwa wa mita 50 kwa sababu skrini imeandika 50.

Hatua ya 2: Amua kama ni cha mkononi au cha kwenye upinde

Cha mkononi ndicho ninachomshauri kila anayeanza. Kilichofungwa kwenye upinde, kama Xero ya Garmin, kinapima ukiwa umeshavuta uzi na kukuwashia pini ya umbali ule ule. Kazi yake ni nzuri mno, na ndiyo maana sehemu nyingine kimepigwa marufuku: yapo maeneo yanayoruhusu kifaa cha mkononi lakini hayaruhusu kitu chochote cha umeme kilichofungwa kwenye upinde. Soma kanuni kabla ya kulipa. Pia kinaongeza uzito kwenye upinde, na betri ikiisha unabaki bila pini.

Vipo pia vilivyounganishwa na darubini ya macho mawili. Anayetembea siku nzima milimani akitafuta wanyama kwa darubini atavipenda. Kwa wa ulingoni ni vizito na vinataka mikono miwili.

Hatua ya 3: Ipuuze namba kubwa ya kwenye boksi

Namba hiyo imepimwa kwa kitu kinachoakisi sana, mfano bati au kibao cha barabarani, tena kwenye hali nzuri. Manyoya ya mnyama hurudisha mwanga kidogo. Geuza boksi au fungua kijitabu utafute namba tatu: ya kitu kinachoakisi, ya mti, na ya mnyama, ambayo wengi huiandika kama ya kulungu. Ya mnyama mara nyingi ni nusu ya ile kubwa au chini ya hapo. Linganisha vifaa kwa hiyo ya mnyama. Kama mtengenezaji hakuiandika kabisa, mimi ningekipita.

Kisha angalia namba ambayo hakuna anayeiuliza, yaani umbali wa chini kabisa ambao kifaa kinaweza kusoma. Vingi huanza mita 4 au 5. Ukikuta kinachoanza mita 10 au zaidi, kiache: mnyama hupita chini ya ulingo, na alama unazotaka kupima, kama jiwe au kisiki, mara nyingi ziko hapo karibu.

Hatua ya 4: Hakikisha kina fidia ya pembe, na iwe ya mshale

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika, kwa hiyo twende taratibu.

Mvutano wa dunia unauvuta mshale kulingana na umbali wa usawa kati yako na mnyama. Umbali wa mstari wa jicho ukielekea juu au chini ni mrefu zaidi ya huo wa usawa. Kifaa chenye fidia ya pembe hupima mteremko na kukupa umbali wa kulengea. Bushnell huuita ARC, Leupold TBR, Vortex HCD. Majina ni mengi, wazo la msingi ni moja.

Tofauti hiyo ni kubwa kiasi gani? Kwa mstari wa mita 30:

- mteremko wa nyuzi 20, lenga kama wa mita 28;
- nyuzi 30, lenga kama wa mita 26;
- nyuzi 45, lenga kama wa mita 21.

Anayewinda kwenye miteremko hawezi kuikosa fidia hii. Wa ulingoni, matangazo yanamtisha kupita kiasi. Jicho lako likiwa mita 6 juu ya ardhi, na mnyama yuko mita 20 kwa mstari, umbali wa usawa ni mita 19 na kidogo. Mshale hautajua tofauti hiyo. Fidia ichukue, kwa kuwa siku hizi hata vifaa vya bei ya kati vinayo, lakini usiongeze fedha nyingi kwa ajili yake kama eneo lako ni tambarare.

Ukipata cha zamani kisicho na fidia na unawinda juu ya mti, ipo njia ya wazee wa kazi: usipime mzizi wa mti ulio mbele yako, pima shina lake mahali palipo sawa na jicho lako. Umbali unaousoma hapo ni wa usawa tayari.

Onyo kuhusu vifaa vya gofu. Kipima umbali cha gofu kilichoandikwa Slope kinafidia pembe pia, ila kinafidia kwa mpira wa gofu. Mpira unaopigwa kupanda mlima unahitaji kupigwa kwa nguvu zaidi, kwa hiyo kifaa *kinaongeza* umbali. Kwa mshale, ukipanda au ukishuka, umbali wa kulengea *unapungua*. Ukimlenga mnyama aliye juu ya kilima kwa kutumia namba ya gofu, kosa linakuwa mara mbili: hukupunguza, na umeongeza. Kama hicho ndicho ulicho nacho, zima fidia na usome umbali wa mstari tu. Na kama muuzaji amekuambia ni kitu kimoja, badilisha muuzaji.

Baadhi ya vifaa vina hali mbili, ya bunduki na ya upinde. Hakikisha ya upinde ipo, na uijue inavyobadilishwa, kwa sababu kuna vinavyotoka kiwandani vikiwa kwenye ya bunduki.

Hatua ya 5: Angalia kinavyochagua kati ya majani na mnyama

Mwali wa leza si nukta. Unapanuka kadiri unavyokwenda: mwali unaotanuka miliradiani 3 unafika mita 40 ukiwa na upana wa sentimita 12. Ndani ya upana huo panaweza kuwa na jani, sikio la mnyama na shina la mti nyuma yake, na kila kimoja kinarudisha mwanga wake. Kifaa lazima kichague.

Vipo vinavyopendelea kitu cha kwanza, na vipo vinavyopendelea cha mwisho. Vya gofu hupendelea cha kwanza, kwa sababu wao wanatafuta mti wa bendera na si miti iliyo nyuma yake. Mwindaji wa msituni anataka kinyume, yaani kifaa kiyapuuze majani ya mbele na kumchukua mnyama. Bora zaidi ni kile kinachokuachia ubadilishe mwenyewe, maana mnyama akisimama wazi mbele ya kichaka, hali ya cha mwisho inaweza kukupa umbali wa kichaka.

Tafuta pia kipimo cha mfululizo: unabana kitufe, unatembeza alama ya kulengea ya kifaa juu ya mnyama na vilivyomzunguka, namba zinabadilika. Ukiona 18, 18, 31, 31, 32, 44, unajua 18 ni nyasi, 31 ni mnyama, 44 ni msitu. Kwangu hiki kina thamani kuliko mita elfu za ziada.

Hatua ya 6: Kichungulie magharibi, si saa sita mchana

Dukani, chini ya taa, kila lenzi ni nzuri. Wanyama hutembea alfajiri na magharibi, kwa hiyo jaribio la kweli ni la saa hizo. Ukiweza, omba ukichungulie nje ya mlango jioni.

Ukuzaji wa mara 4 hadi 6 unatosha. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji upate upana wa mwanga unaofika jichoni: lenzi ya milimita 21 yenye ukuzaji wa 6 inatoa milimita 3.5, ya 24 yenye 6 inatoa 4, na ya 21 yenye 4 inatoa zaidi ya 5. Mboni ya jicho la kijana gizani hutanuka hadi milimita 7 hivi, kwa hiyo kila milimita ya ziada unaiona. Ukuzaji mdogo pia unakupa uwanja mpana, na mnyama wa karibu unampata haraka bila kuzungusha kichwa.

Maandishi ya ndani yako ya aina mbili. Meusi hayali betri sana na mchana wa jua kali yanasomeka vizuri, lakini mnyama wa kahawia chini ya kivuli jioni yanammeza. Mekundu yanayowaka husomeka gizani. Hatari yake ni kuwaka mno hadi yakuzibe usimwone mnyama nyuma yake. Nichague moja? Mekundu, kwa sharti kwamba mwangaza unaweza kushushwa hadi chini kabisa, au kifaa kinaushusha chenyewe. Chungulia pia wakati skrini imezimwa: kwenye vifaa vingine kioo cha maandishi kinakaa katikati ya njia ya mwanga, na picha yote inakuwa na rangi ya chai.

Hatua ya 7: Kishike kwa mkono mmoja, umefumba macho

Mkono mwingine una upinde. Kidole kifikie kitufe cha kupima bila kupapasa, na kisikichanganye na kile cha menyu. Kama umevaa glavu porini, vaa glavu dukani. Sikiliza kitufe: kikilia *ta!* chumbani, porini asubuhi kitasikika. Mlio wowote wa kielektroniki uweze kuzimwa.

Mfuko wake nao uangalie. Mifuko mingi inayokuja na kifaa hufungwa kwa utepe wa kunata unaochanika kwa kelele, na sijui nani aliyefikiri ni wazo jema kwa wawindaji. Tafuta wa sumaku au wa mpira wa kuvuta, pamoja na kamba ya kukining'iniza kifuani. Bila kamba, siku moja kitadondoka kutoka ulingoni.

Hatua ya 8: Usahihi, vipimo, maji, betri

Haya ni ya haraka. Usahihi wa mita moja juu au chini unatosha kwa upinde; nusu mita ni vizuri zaidi. Skrini yenye nukta, kama 27.4, haimaanishi kifaa ni sahihi zaidi, kwa hiyo soma kijitabu na usiiamini nukta.

Kipimo kiwe kinabadilishika kati ya yadi na mita. Yadi moja ni mita 0.9144, hivyo yadi 40 ni mita 36.6. Kifaa kikiwa kwenye yadi na pini zako ni za mita, kila mshale wa mbali utapita juu, nawe utaulaumu upinde.

Alama ya IPX4 maana yake kinavumilia kurushiwa maji. IPX7 kinavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa. Kama unawinda kwenye mvua, tafuta ya pili. Betri, ziwe za aina unayoweza kuipata kirahisi. Vingi hutumia CR2, ambayo si kila duka linayo. Nunua mbili na moja ikae mkobani. Vya kuchaji kwa waya ni vizuri kwa anayerudi nyumbani kila usiku.

Kuunganisha na simu, hesabu za risasi, dira, hali ya hewa: kwa upinde huvihitaji.

Hatua ya 9: Kijaribu ungali na muda wa kukirudisha

1. Tandaza futi kamba, weka alama mita 10, 20, 30, 40 na 50. Weka kitu kisichong'aa kwenye kila alama, mfano gunia au kipande cha blanketi la kahawia. Bati litakudanganya.
2. Pima kila alama mara kumi. Kikitofautiana mita moja, sawa. Kikiruka mita tatu, kirudishe.
3. Tafuta nguzo nyembamba yenye anga au uwanja mtupu nyuma yake. Sogeza alama ya kulengea polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kisha juu hadi ncha, uone namba ya nguzo inatokea wapi na kupotea wapi. Ikitokea kabla alama haijaigusa nguzo, mwali umeegemea upande ilipo nguzo. Kuegemea kidogo si ubovu, ila lazima ukujue.
4. Rudia na matawi machache mbele ya gunia, ukibadilisha kati ya hali ya cha kwanza na cha mwisho.
5. Rudia magharibi, hadi pale ambapo wewe mwenyewe usingerusha mshale tena. Kifaa kisichoke kabla yako.
6. Kama una ulingo, panda nacho. Fanya yote kwa mkono mmoja, na umefunga mkanda wa usalama.

Usikielekeze kwenye jua unapochungulia. Leza ya vifaa hivi kwa kawaida ni ya daraja la 1, salama kwa macho. Kinachounguza ni jua lenyewe likipita kwenye lenzi.

Hatua ya 10: Kipeleke porini kwa kazi yake

Kosa kubwa la wanaoanza ni kungoja mnyama afike ndipo wapime. Ukifika mahali pako, kabla ya kutulia, pima jiwe, kisiki, kichuguu, mti wenye gamba jeupe, pande zote ambazo mnyama anaweza kutokea. Chagua alama nne au tano tu na uzikariri: "kisiki 18, kichuguu 27, mti mweupe 35." Mnyama akisimama kati ya kisiki na kichuguu, huna haja ya kunyanyua chochote.

Ukilazimika kumpima, mngoje ainamishe kichwa au kichwa chake kipite nyuma ya shina. Pima ubavu, si kichwa wala miguu. Na akishaanza kutembea, namba uliyoisoma imekufa. Mpime tena au tumia alama zako. Mshale wa mita 80 kwa sekunde unachukua karibu sekunde 0.4 kufika mita 30, muda wa kutosha kwa mnyama kupiga hatua, na sauti ya uzi inamfikia mbele ya mshale.

Kikigoma

*Kinaonyesha vistari badala ya namba.* Futa lenzi zote mbili, ya kutoa na ya kupokea. Tone moja la maji kwenye ya kupokea linatosha. Egemeza mkono. Mnyama aliyelowa na mwenye rangi nyeusi hurudisha mwanga kidogo sana, kwa hiyo pima mti au ardhi iliyo sawa naye. Kama uko kibandani na unapima kupitia wavu au kioo, toa lenzi nje ya tundu.

*Namba ni fupi kuliko inavyoelekea.* Kuna unyasi au kitawi mbele, mara nyingi karibu nawe kiasi kwamba huuoni kwa darubini. Nyanyuka sentimita chache au badili hali iwe ya cha mwisho. Kwenye ukungu mzito mwanga hurudi kutoka kwenye matone yenyewe, na hapo tegemea alama ulizopima hewa ikiwa safi.

*Namba ni ndefu.* Mwali umempita mnyama na kugonga nyuma. Lenga katikati ya mwili, au tumia kipimo cha mfululizo uone namba zinavyoruka.

*Maandishi yana ukungu.* Zungusha pete ya jicho hadi yawe makali; wengi hawajui kama ipo. Yakififia au kupotea ukiwa na miwani ya jua inayokata mng'ao, ivue au uinamishe kifaa kidogo.

*Kinazimika kwenye baridi.* Betri hupoteza nguvu zikipoa, na maandishi meusi hubadilika polepole. Kiweke ndani ya koti, karibu na mwili, hadi utakapokihitaji.

*Kinasoma sawa na futi kamba, lakini mishale inapita juu au chini.* Angalia kwa mpangilio huu: yadi au mita; hali ya bunduki au ya upinde; fidia ya pembe imewashwa au imezimwa. Vyote vikiwa sawa na tatizo linatokea kwenye mteremko tu, basi ni mwili wako. Ukilenga chini kwa kushusha mkono, mabega na mkono vinaacha mstari wake na nanga ya uzi, yaani mahali unapoutuliza ukiwa umeuvuta, inahama shavuni. Vuta uzi ukiwa umenyooka kana kwamba shabaha iko mbele yako, kisha pinda kiunoni hadi pini ikae juu ya mnyama.